Kopo la Mafuta Kutoka Geita

Paskazia, ambaye Tinde nzima inamwita Mama Maduhu, alikuwa na uso mzuri na alijua kwamba anao. Miaka hamsini na nane, mjane, muuza mchele kando ya barabara kuu, na bado madereva wa malori walimsifia uso kwanza ndipo wakauliza bei. Yeye hujifanya hasikii, kisha anawaongezea kiganja kimoja cha mchele. Hakuna aliyewahi kumlaumu kwa hilo, maana mwenye chake huringa nacho.

Sasa fikiria uso huo unaanza kubanduka.

Ilikuwa mwezi wa sita, upepo mkavu ulipokwisha kuingia. Ngozi ilianza kukauka pembeni mwa pua, ikapanda kwenye paji, ikashuka mashavuni. Asubuhi akijitazama kwenye kioo anaona vipande vyeupe vimesimama, akivivuta vinatoka na chini panabaki pekundu, panawasha. Siku moja alikuwa anampimia mchele mama mmoja wa Kahama, akainama, vikadondoka viwili vitatu ndani ya debe. Yule mama aliutazama mchele, akamtazama na yeye usoni, akaomba pesa yake kwa upole. Mama Maduhu aliirudisha bila neno, lakini aibu aliyoipata siku hiyo hakuwahi kuipata hata alipokuwa msichana.

Penye wengi pana mengi. Jirani mmoja alimwambia ni uchafu wa vumbi, asugue. Akasugua kwa sabuni ya unga na lile jiwe la kusugulia visigino. Mwingine akasema limau. Akapaka limau, akalia machozi. Na kila alipomaliza kujichuna hivyo alikuwa na dawa moja ya kumtuliza, nayo ni mafuta aliyoletewa na mwanawe kutoka Geita.

Kopo lenyewe lilikuwa kubwa, la mafuta ya mgando, kifuniko cha bluu. Maduhu, mwanawe wa pekee, anachimba dhahabu huko Geita, yeye na wenzake watano katika duara moja, yaani shimo lao la pamoja. Alikuja nalo Pasaka. "Niwekee sandukuni, mama," alisema. "Usilifungue mpaka nije." Mama Maduhu alimwelewa kwa namna ya mama yeyote anayejua mwanawe ana haya ya kutoa zawadi. Alivumilia siku mbili, ya tatu akalifungua. Mafuta yalikuwa na rangi ya kijivu kidogo, naye akaamua kwamba hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Maduhu aliporudi mwezi wa tano alimkuta anapaka. Alilishika lile kopo, akaligeuza mkononi. Kisha akasema, "Paka ya juu juu tu, mama. Usichimbe." Mama Maduhu alicheka mpaka akakaa chini. Mchimbaji mzima anamkataza mama yake kuchimba! Alilisimulia hilo sokoni wiki nzima.

Mtu mmoja tu hakucheka. Klara, mke wa Maduhu, alikuwa akiishi pale pale kwa mama mkwe, miaka minne sasa, bado hajapata mtoto. Ni mwanamke wa maneno machache, na maneno machache kwa mama mkwe huhesabiwa kiburi. "Mama," alisema, "tangu umeanza yale mafuta ndipo uso umeanza. Hata mikono inakutetemeka ukipima mchele. Acha yote, twende hospitali ya Kolandoto wakakuangalie. Mficha uchi hazai."

"Yananiuma mimi au yanakuuma wewe, kwamba kaniletea mimi na si wewe?"

Klara alirudi jikoni. Hakulisema tena.

Mwezi wa saba mafuta yalikuwa yamefika chini. Mama Maduhu alikaa kwenye kigoda uani, akaingiza vidole viwili akizungusha pembeni mwa kopo ili asiache kitu, na vidole vikagusa fundo. Akalivuta. Kilitoka kitambaa kidogo kilichofungwa kwa uzi, kimelowa mafuta, na kwa udogo wake kilikuwa kizito kupita akili. Alikitupa chini. Kwetu Usukumani hakuna mtu anayekuta kitambaa kilichofungwa uzi ndani ya kitu chake akajiuliza mara mbili ni nini.

Wifi yake Mariana, dada wa marehemu mumewe, alifika kabla vumbi halijatulia. Alikizunguka kile kitambaa kwa mbali, mikono nyuma. "Mayu wane, mama yangu," alisema polepole. "Umerogwa, wifi. Na aliyekuroga hakuruka ukuta. Kikulacho ki nguoni mwako."

Wote wawili walimgeukia Klara, aliyekuwa amesimama na beseni la vyombo.

"Sikijui hicho," alisema Klara.

"Nani mwingine anaingia chumbani kwangu?" aliuliza Mama Maduhu. Alikuwa na hasira, na ukweli ni kwamba palikuwa na nafuu ndani ya ile hasira. Miezi miwili uso wake ulikuwa unaharibika bila sababu, sasa sababu imepatikana na ina jina.

Wakampigia Maduhu simu, wakaiweka sauti ya juu. Mariana ndiye aliyesimulia. Alipofika kwenye kitambaa, Maduhu alimkatiza.

"Msikifungue," alisema Maduhu. "Msikichome. Kiwekeni kwenye chungu, mfunike. Nakuja kesho."

"Na mkeo?" aliuliza mama yake.

"Aende kwao kwanza."

Klara aliyasikia hayo kwa masikio yake. Hakulia wala hakubishana. Aliosha vyombo alivyokuwa ameshika, akavipanga, akafunga nguo zake katika begi moja. Kabla ya kutoka alipiga goti mbele ya Mama Maduhu, ambaye aligeuza shingo. "Mama, hata nisiporudi, acha sabuni. Osha uso kwa maji matupu. Na uende Kolandoto." Akaenda kwao Ibadakuli, na Mariana akafagia nyayo zake.

Kesho yake alfajiri Mama Maduhu aliamka uso unawaka moto. Alikwenda Kolandoto kweli, lakini msimsifu. Hakwenda kwa sababu Klara alimwambia, alikwenda kutafuta ushahidi. Alitaka karatasi yenye muhuri wa hospitali iseme kwamba mkwewe amemlisha sumu ya ngozi, aipeleke kwa mtendaji wa kata. Kwa hiyo alikitoa kitambaa chunguni kwa kijiti, akakitia katika mfuko wa plastiki pamoja na lile kopo, akajifunika kanga uso mzima, akaondoka.

Daktari aliyempokea ni mwanamke wa makamo, Agnetha, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimkalisha dirishani, akamwomba afunue, akamtazama kwa muda mrefu bila kukunja pua. Hilo peke yake lilimfanya Mama Maduhu atake kulia.

"Unaosha kwa nini?"

Akataja sabuni ya unga, jiwe na limau. Daktari alisikiliza kama anayesikiliza habari za msiba.

"Mama, ngozi ina mafuta yake yenyewe, ndiyo yanayoshika maji yasitoke. Wewe kila siku umeyakwangua, na upepo huu na jua vikamalizia. Ikikauka inapasuka, ikipasuka inabanduka, ukiivuta inabanduka zaidi. Hiyo peke yake ingetosha kukufanya hivi." Akasogea karibu zaidi. "Lakini wekundu huu umezidi. Nyoosha mikono."

Mama Maduhu alinyoosha. Vidole vilikuwa vinacheza vyenyewe.

"Unalala vizuri? Mdomoni unasikia ladha kama ya chuma?"

"Nani amekuambia?" aliuliza Mama Maduhu kwa hofu, maana hilo la ladha hakuwa amemwambia mtu.

"Umekuwa unapaka nini?"

Hapo ndipo alipotoa mfuko wake kwa fahari ya mtu mwenye kesi. Alieleza yote, mkwe asiyezaa, chumba, fundo, chungu. Daktari Agnetha hakumkatiza. Alivaa glavu, akachukua kopo, akalielekeza kwenye mwanga. Ndani ya mafuta yaliyobaki palikuwa na vitone vidogo vinavyong'aa, vikikimbizana kila alipoliinamisha. Kisha akakipima kitambaa kwenye kiganja.

"Mama, una mtu machimboni?"

"Mwanangu. Geita."

Daktari alifungua dirisha lote. Akakata uzi kwa mkasi, akakikunjua kitambaa juu ya sahani ya chuma. Ndani palikuwa na donge moja jeupe kama fedha, kubwa kama tonge la ugali la mtoto.

"Huu si uchawi," alisema. "Hii ni dhahabu iliyokamatwa na zebaki. Wachimbaji wanachanganya zebaki na mchanga, inaishika dhahabu, wanakamua kwenye kitambaa, wanapata donge kama hili. Baadaye wanalichoma, zebaki inapaa, inabaki dhahabu. Hili halijachomwa. Zebaki ilikuwa inavuja kidogo kidogo ndani ya mafuta yako, nawe ukaipaka usoni kila siku."

Mama Maduhu alilitazama lile donge. Alisikia daktari akiendelea kwa mbali, kwamba atapimwa mkojo kwa sababu zebaki haiishii kwenye ngozi, kwamba kwa sasa asipake chochote zaidi ya mafuta ya mgando matupu yasiyo na manukato, na ayapake ngozi ikiwa bado na unyevu. Aoshe kwa maji matupu, ajikaushe kwa kugusagusa. Asivute magamba, yatatoka yenyewe. Ajifunike, asikae juani. Kama zebaki haijaingia sana, uso utarudi taratibu.

"Maji matupu?" aliuliza Mama Maduhu.

"Maji matupu."

Mama Maduhu alijifunika kanga tena. "Labda alisahau," alisema. "Labda aliliweka akasahau."

Daktari alikusanya vitu vile. Alilitia donge na kitambaa ndani ya chupa ya kioo, akakaza kifuniko, akalifunga kopo katika mfuko wake, akasema hawezi kumruhusu mtu kurudi na kitu hicho nyumbani, watu wa madini wataitwa wakichukue.

Alifika Tinde saa tisa alasiri. Pikipiki ya Maduhu ilikuwa imesimama mlangoni. Mama Maduhu alisimama hapo nje akajipanga maneno, na kwa kweli maneno yote aliyoyapanga yalikuwa ya kumtetea mwanawe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Atamwambia, mwanangu, ulisahau, sivyo? Naye atasema ndiyo, atapiga magoti, na wote wawili watakwenda kumchukua Klara.

Akaingia uani. Vyungu vyote vilikuwa vimepinduliwa. Sanduku lake liko nje, nguo zake zimetandazwa mavumbini, hata kitenge cha maziko ya mumewe. Maduhu aliinuka kutoka nyuma ya mtungi, jasho linamtiririka.

"Kiko wapi?" alisema.

Hakutoa shikamoo. Tangu alipojifunza kusema, mtoto huyu hajawahi kuingia au kutoka bila shikamoo, hata akiwa mgonjwa, hata akiwa amelewa. Mama Maduhu aliisubiri. Alisimama pale, kanga imemteleza, uso wote uko wazi umechubuka, akaisubiri kama mtu anayesubiri mvua.

"Mama, kile kitambaa kiko wapi?"

"Ulijua," alisema.

"Wenzangu walikuwa wananipekua kila siku. Donge nililitoa kabla hatujagawana, ningelichomea wapi wasione? Wangeniua, mama. Nikasema nani ataiba mafuta ya mama yangu?"

"Mwezi wa tano uliniona ninapaka. Unaijua zebaki."

"Nilikuambia usichimbe."

Ni kweli, alimwambia. Mama Maduhu alikumbuka alivyocheka, na jinsi alivyowachekesha watu sokoni.

"Na Klara?"

"Angerudi tu baadaye." Maduhu alipangusa jasho kwa mkono. "Ningesema nini mbele ya shangazi? Kiko wapi?"

"Kipo Kolandoto. Daktari amewaita watu wa madini."

Maduhu alishika kichwa kwa mikono miwili. Alizunguka uani mara moja, akakanyaga kitenge cha baba yake bila kukiona, akatoka. Pikipiki ikawaka, ikaondoka. Mama Maduhu alibaki anasikiliza mpaka mlio ukapotea, na hata baada ya kupotea alikuwa bado anangoja, hajui anangoja nini. Mariana alikuja kuuliza kulikoni. Alimwambia yote, tangu mwanzo, na Mariana akainama, akaanza kuokota nguo mavumbini.

Kesho yake Mama Maduhu alichota maji kwenye bakuli, akaosha uso, akajikausha kwa kugusagusa, akajifunika kanga na kwenda Ibadakuli. Hakutuma mshenga wala hakumchukua Mariana. Njia nzima alitafuta neno la kuanzia, asilipate.

Klara alikuwa anaanua mahindi kwenye turubai. Alipomwona aliweka ungo chini, akapiga goti hapo hapo.

"Shikamoo, mama."

Mama Maduhu alifungua mdomo na marahaba haikutoka. Ameipokea shikamoo maisha yake yote bila kuifikiria. Jana mwanawe alimnyima, leo anapewa na aliyemfukuza. Akaivua kanga, akauacha uso wazi, wenye magamba na wekundu, hauna tone la mafuta.

"Nimeuosha kwa maji matupu," alisema. "Kama ulivyoniambia."

Klara aliutazama uso ule kwa muda, bado amepiga goti.

"Maduhu ameuonaje?"

"Maduhu hakuutazama."

Klara akainuka, akamshika kiwiko, akamtoa juani.