Ukuta wa Kuanikia

"Mgeni au mwenyeji?" mkata tiketi aliniuliza kwenye geti la kijiji, ambacho siku hizi kinaingiwa kwa tiketi.

"Nimezaliwa nyumba ile yenye dirisha la bluu."

"Una kitambulisho cha ukaazi?"

Sina. Nilihama kisiwani kabla yeye hajaota meno. Basi nikaingia kijijini nilikozaliwa kama mtalii, stika ya njano kifuani, kwenda kumsalimia shangazi yangu.

Kijiji chetu chote ni cha jiwe jeusi, lile lililomwagika mlima ulipotapika enzi za kale. Na mlima wenyewe haujalala vizuri. Nyuma ya nyumba ya shangazi kuna ufa unaopumua joto, na juu ya ufa huo wazee walijenga ukuta. Ukiuegemea ni kama umeegemea mtu mwenye homa. Shuka likitandazwa pale linakauka hata siku ya ukungu. Shangazi ni dobi wa nyumba ya wageni, na ukuta ule ndio ajira yake.

Nilimkuta ameketi kati ya mabeseni ya mashuka mabichi. Ukuta umezungushiwa kamba nyekundu na kibao: USIGUSE.

"Shikamoo shangazi. Nani kafunga?"

"Marahaba. Bwana Mandhari."

Huyo ni mkubwa wa ofisi ya mambo ya kale. Hatoi amri bila neno hilo. Mashuka, anasema, yanaharibu mandhari.

"Na nyumba ya wageni je?"

"Wanayataka adhuhuri. Yasipofika makavu, kuna mwanamke mjini ana mashine. Kazi inahamia kwake."

Damu ikanichemka. Mimi sisahau. Kwanza meneja wa bandari alituzuia kuanika, eti manahodha watacheka chupi zetu. Akaja mkuu wa wilaya, eti mgeni rasmi anapita. Mgeni hajapita hadi leo, lakini nguo zetu zilivunda msimu mzima.

"Leo nitawapa ukweli wao," nikasema.

"Mdomo wako huo ungekuwa na joto, ningeanika hapo."

Ndipo Bwana Mandhari akatokea na kundi la watalii kutoka bara. "Ukuta huu," akawaambia, "ulijengwa na mabaharia kujikinga na maadui."

"Uongo mtupu!" Nikapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Ulijengwa na madobi! Adui pekee aliyewahi kuzuiwa hapa ni unyevu! Na nyinyi mnaopiga picha mawe, usiku mnalalia mashuka ya nani?" Nikataja bandari, nikataja wilaya, nikataja chupi. Nikangoja kukamatwa.

Wakapiga makofi.

"Mwigizaji wenu hodari!" akasema mama mmoja mwenye kofia. "Hadi mishipa ya shingo imemtoka!" Mwenzake akaniomba nirudie kipande cha chupi, kamera yake ilichelewa.

"Mimi si mwigizaji!" nikafoka.

Wakapiga makofi tena.

Bwana Mandhari akafungua mdomo, akazitazama zile nyuso zilizofurahi, akaufunga. "Ni... ni sehemu ya ziara," akasema.

"Na madobi wenyewe wako wapi?" akauliza yule mama.

Shangazi si mtu wa kuitwa mara mbili. Akaifungua kamba, akaikunja, akamtwisha Bwana Mandhari begani. "Karibuni wanangu. Kung'uteni kwanza. Wewe mwenye miwani, kwenu hamtandiki vitanda?" Punde ukuta mzima ulikuwa mweupe, mvuke unapaa, watalii wanagombea foronya. Bwana Mandhari naye alipewa ncha ya shuka, akaambiwa avute, asilegee kama uji.

Nimewahi kuzomewa mikutanoni, nimewahi kufukuzwa. Kupigiwa makofi na watu wasionisikia, sijawahi.

"Hawakuelewa hata neno," nikamlalamikia shangazi tukikunja mashuka makavu. "Hii ni haki yetu, si maonyesho!"

"Sawa baba. Shika ncha vizuri, adhuhuri hiyo inaingia."

Bwana Mandhari akatusogelea, mikono imemlowa hadi viwikoni. "Mzee, kesho kuna kundi lingine. Tutafungua kamba asubuhi, ukija na ile... ile hotuba."

"Siji. Kamba ipotee kabisa, na kibao ung'oe sasa hivi."

Akamtazama shangazi, akautazama ukuta. Akainama, akakivuta kibao mpaka kikang'oka.

"Bado siji," nikasema.

"Atakuja," shangazi akamwambia, akijitwika mzigo wa mashuka kichwani. "Kesho ni mablanketi. Yale yanataka hasira ya muda mrefu."