Salamu ya Karambu

Moshi wa tairi ulimwingia Karambu machoni, lakini hakuweza kukiachilia kichwa cha mbuzi. Alikigeuza juu ya moto kwa kipande cha waya hadi manyoya yakaungua, kisha akakikwangua kwa kisu butu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake nyuma ya bucha ya Idrisi: kubabua vichwa na miguu ya mbuzi kwa ajili ya wauza supu. Malipo yalikuwa supu iliyobaki, yake na ya mdogo wake Muthomi, na ruhusa ya kulala chini ya kibanda.

Lori la askari wa mji likasimama. Kesho mkubwa fulani angekuja kufungua soko jipya, na tangu asubuhi walikuwa wakifagia watu.

"Idrisi, hawa chokoraa ni wako?"

"Wananisaidia tu kazi, mkubwa."

"Aa! Kumbe umeandika watoto kazi? Hiyo ni kesi, unajua."

Idrisi alipangusa mikono kwenye aproni. "Basi siwajui."

Askari mmoja mzee, rungu kwapani, alimwinamia Muthomi na kumsemesha Kiembu. Mtoto akajibu upesi. Aliletwa mji huu kutoka Meru akiwa mgongoni mwa mama. Lugha aliiokota sokoni pamoja na chakula.

"Huyu ni wetu, mwacheni," mzee akasema. "Tumeambiwa wa nje ndio warudishwe kwao. Na wewe, msichana? Ni dadake?"

Karambu alijua la kujibu. Kiembu alikiweza kiasi. Lakini aliyesimama mbele yake alikuwa mtu wa mvi, na marehemu mama alimfunza kwamba mtu wa mvi husalimiwa kwanza. Mdomo ukatangulia, kwa lugha ya mama.

"Muga," akasema, kichwa chini.

Askari vijana wakaangua kicheko. "Ohoo, Mmeru! Panda, madam, tukupeleke kwenu Nkubu ukasalimie watu wako."

"Sina mtu Nkubu. Huyu ni ndugu yangu."

"Ndugu yako Muembu, wewe Mmeru? Kwani mama yenu alikuwa steji ya matatu, kila kabila linasimama?"

Walimshika mikono na miguu, wakamtupa juu ya lori kati ya watoto wengine. Yule mzee alikuwa akitazama viatu vyake. Injini ikanguruma.

Muthomi alianza kukimbia nyuma ya lori, suruali ikimteremka. Karambu akampigia kelele arudi, arudi kwa Idrisi, atapewa chakula. Hakurudi. Alikuwa amemkazia macho askari aliyekaa ukingoni.

"Muga!" akamlilia. Neno lenyewe hakuwahi kulitamka vizuri. "Muga! Muga!"

"Mskie huyu wetu," askari akacheka, "anataka kujifanya Mmeru."

Akagonga bodi ya lori kwa rungu, dereva aongeze mwendo.