Barafu Isiyo na Rangi

Usiku wa jana niliota nimepanga foleni ndani ya friza ya shangazi, na mbele yangu kuna mabarafu tupu, yamebeba mabegi.

Friza ni ileile. Kabla sijalala, shangazi Mwanjaa aliniachia humo ndoo ya juisi ya zambarau. Kazi yenyewe ndogo ila haiishi: maji yakiganda juu, unayaopoa na upawa, unatupa, unasubiri tena, mpaka ibaki juisi nzito. Ile ya kuchemsha alishaipeleka hotelini, mpishi akamwambia rangi imekufa, na nguvu ya tunda imeondoka na mvuke. Hii ndo ndoo ya mwisho, zambarau zenyewe zimeisha mitini.

Basi nipo kwenye foleni. Mlangoni kakaa upawa, kavaa miwani.

"Wewe maji au tunda?"

"Mimi Shebughe. Nimemaliza kidato cha nne."

"Sijakuuliza hiyo. Maji wanatoka, matunda wanabaki. Simama hapo tuone kama utaganda."

Nasimama. Jua linazama humohumo ndani ya friza, linachomoza tena. Sigandi. Nachoka tu.

Mara friza imekuwa stendi ya Muheza, ila baridi ni ileile. Swichi ya friza, ile ya kuzungusha, imekaa kwenye kigoda inakula muhogo.

"Dogo, umechoka," inaniambia. "Nizungushe mpaka mwisho. Vyote vinaganda mara moja, unaenda kulala."

Naona ina akili. Naizungusha. Barafu zinaanza kutoka na rangi ya zambarau, na ndani yake kuna watu wanaongea.

"Kaka, umetugandisha na sisi," wanasema, hata hasira hawana. "Rangi ni sisi, ukali ni sisi. Sasa tunatupwa pamoja na maji."

"Samahanini."

"Samahani hainyweki. Rudisha swichi."

Nairudisha. Swichi inasonya, inaendelea na muhogo wake. Nasubiri tena, miguu imekufa ganzi.

Upawa anakuja, ananikwangua kifuani. Kinatoka kipande cha barafu, hakina rangi hata kidogo. Ndani yake kuna kifungo cha shati langu la shule.

"Maji yako ndo haya," anasema. "Uliyebaki ni kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Jionje."

Nalamba kiganja. Uso wote unakunjamana.

Nikaamka, shangazi ananitikisa pale kwenye mkeka.

"We Shebughe, nani kaopoa? Nimekukuta unakoroma."

Ndoo imebaki robo, nyeusi tii. Akachovya kidole, akafumba jicho moja, akachovya tena.

"Hii mpishi hawezi kuikataa," akasema, akaanza kutafuta khanga ya kutokea.

Nikavuta beseni la barafu nikamwage nje. Angavu, unaona mpaka chini. Nikajipapasa kifuani, shati liko wazi.

Kifungo nikakiona kwenye barafu, kinasubiri iyeyuke.