Jaketi la Wan-ju

Mwezi wa saba, watu wa Gangshan hujificha jua kama wadaiwa, lakini Wan-ju alikuwa ameshapanga safari yake na hakutaka kusikia la mtu. Angezunguka kisiwa kizima cha Taiwan kwa baiskeli, siku kumi na mbili, peke yake. Alikuwa na miaka ishirini na minne, chuo amemaliza, na mwezi wa tisa alitakiwa kuanza kazi katika maabara moja huko Taichung. Wenzake wengi walikuwa wameshazunguka. Alilitaja jambo hilo wakati wa chakula cha jioni, na baba yake, Tu Chin-shui, akaweka vijiti vyake juu ya bakuli. Hakula tena.

Chin-shui alikuwa fundi mashine katika kiwanda cha skrubu kwa miaka thelathini. Si mtu wa maneno mengi, wala hakuwa mwoga. Lakini miaka mitatu nyuma mwanawe wa kwanza, Po-han, alitoka asubuhi na skuta kwenda kununua maziwa ya soya, hatua chache tu kutoka nyumbani, kofia kichwani bila kufungwa ukanda. Lori lilikata kona. Kofia ilikutwa upande wa pili wa barabara, nzima kabisa. Tangu hapo Chin-shui alikuwa hawezi kumwona mtu kwenye magurudumu mawili bila kumtazama kidevuni kwanza.

"Utaenda," alimwambia binti yake baada ya siku tatu za kununiana. "Ila vifaa nitachagua mimi."

"Sawa, Baba," Wan-ju akasema upesi, asije akabadili mawazo.

Jumamosi wakaenda dukani kwa Kang. Huyu Kang alikuwa mwendesha baiskeli wa zamani, mguu mmoja umepinda kwa ajali, na duka lake lilinuka mpira na mafuta ya mnyororo. Akamtolea Wan-ju kofia nyepesi yenye matundu mengi, glavu zilizokatwa vidole, miwani, shati jeupe la mikono mirefu, jembamba kama utando wa kitunguu.

"Hivyo ni vya jua," Chin-shui akasema. "Mimi nataka vya kuanguka."

Akapita mwenyewe kwenye rafu za nyuma, vilipokaa vifaa vya wale wanaoshuka milimani kwa kasi na vya waendesha pikipiki. Akarudi amekumbatia jaketi jeusi nene lenye mabamba magumu mabegani, viwikoni na mgongoni, pedi za magoti zinazofika hadi ugokoni, na kofia inayofunika mpaka kidevu.

Kang akacheka. "Mzee Tu, huyu anakwenda matembezi au kuzima moto?"

"Mpimie."

Wan-ju akavaa. Akajitazama kwenye kioo, akatembea hatua mbili kwa kukakamaa. "Baba, watu watadhani mashine imetoroka kiwandani kwako."

Hata Chin-shui akatabasamu kidogo. Lakini Kang alikuwa ameacha kucheka. Akamvuta pembeni. "Sikia, ndugu yangu. Mlimani mtu anavaa hivi anateremka dakika kumi, basi, anavua. Huyu atakanyaga kutwa nzima. Pale mlima wa Shouka unapanda kwa muda wa saa mbili, hakuna upepo, lami inachemka. Jasho likikosa pa kutokea, mtu anaiva kama mkate wa mvuke. Kofia mpe, hata hiyo kubwa ukitaka. Jaketi achana nalo."

"Jua halikumuua mwanangu," Chin-shui akasema. "Barabara ndiyo ilimuua."

Kang akainamisha macho. Wan-ju alikuwa amesikia. Akaangalia mikono ya baba yake, mikono ile inayoweza kushika skrubu ndogo kama punje ya ufuta bila kutikisika, ikihangaika na kifungo cha ukanda wa kofia na kushindwa.

"Tuchukue tu, Baba," akasema. "Nitavaa."

Wakakubaliana pia kwamba kila baada ya saa mbili atatuma picha. Mama yake, Hsiu-luan, aliposikia hilo alitikisa kichwa. "Mtoto unampeleka matembezi au unampeleka jela? Mwache apumue."

"Atapumua akirudi," Chin-shui akamjibu.

Siku ya kwanza picha zilikuja kwa wakati. Wan-ju mbele ya hekalu, Wan-ju na bakuli la barafu ya kusagwa, Wan-ju na bahari nyuma yake, jaketi limefungwa. Usiku alilala Fangliao, akamwambia mama yake kwenye simu kwamba amechoka na mgongo umetoka vipele vya joto. Hsiu-luan akamshauri apake poda.

Siku ya pili, saa nne na nusu asubuhi, picha iliyomfikia Chin-shui kiwandani ilimwonyesha binti yake mwanzoni mwa mlima wa Shouka akiwa na shati jeupe. Jaketi lilikuwa limefungwa kwa kamba nyuma ya baiskeli. Akatoka nje penye kelele kidogo, akapiga simu.

"Jaketi liko wapi?"

"Baba, kuna joto ajabu. Nikifika juu nitalivaa, napanda tu hapa, naenda polepole kuliko mtu anayetembea."

"Malori yanapita hapo?"

"Yanapita, lakini…"

"Basi vaa."

"Baba, kichwa kinaniuma tangu asubuhi. Nipe saa moja tu."

"Po-han naye alisema ni dakika tano tu." Alilisema jambo hilo kwa sauti ya chini. Alijua litafanya kazi, na alilisema kwa sababu hiyo. "Vaa, Wan-ju. Nitumie picha."

Alisikia kwenye simu gari zito likimpita Wan-ju, kisha pumzi zake.

"Haya," akasema. "Navaa."

Picha ikaja. Zipu mpaka shingoni, uso mwekundu, macho hayatazami kamera. Chin-shui akarudi kwenye mashine yake moyo umetulia. Mchana alikula wali wake wote, akaongeza supu.

Saa saba ikapiga namba asiyoijua. Alikuwa mwanamke mwenye kibanda cha tambuu njiani Shouka, anaongea haraka huku mtu mwingine akipiga kelele nyuma yake. Alimwona msichana anapanda akisukuma baiskeli, anakwenda upogo kama mlevi, anaongea na mtu asiyekuwepo. Kabla hajamfikia, akaanguka chali kwenye nyasi. Zipu iligoma. Mama yule alilichana jaketi kwa kisu cha kukatia popoo, akammwagia barafu yote aliyokuwa nayo ya vinywaji. "Ngozi yake ilikuwa kavu," alisema, na kurudia. "Kavu kabisa, na moto kama sufuria."

Hospitalini daktari aliwaeleza kwamba joto la mwili lilifika nyuzi arobaini na mbili. Alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye mafua. Alisema figo zinapigania uhai na ubongo umeumia, ila kiasi gani watajua akiamka. Kisha, labda akidhani anawafariji, akaongeza, "Mwilini hana hata mchubuko mmoja."

Wan-ju aliamka siku ya tisa. Figo zilirudi. Sauti yake haikurudi sawasawa. Kila neno lilitoka likijikokota, kama mtu anayevuta gunia. Mkono wa kulia ulitetemeka akishika kijiko, na aliposimamishwa aliyumba mpaka wauguzi wawili wakamdaka. Daktari alisema sehemu ya ubongo inayoshika mizani ya mwili ndiyo iliyoungua. Mengine yangerudi kidogo kidogo. Mengine hapana.

Hsiu-luan alikaa kwenye kiti cha korido na swali lake moja. "Mtoto ana akili zake. Kwa nini alivaa lile jaketi kwenye jua lile?"

Aliwauliza wauguzi, akamuuliza dada yake wa Chiayi, akamuuliza Wan-ju mwenyewe, ambaye hakukumbuka chochote cha siku ile tangu kifungua kinywa. Chin-shui alikuwa amekaa kando yake kila alipouliza. Angeweza kunyamaza. Simu ile hakuna aliyeijua isipokuwa yeye, na kwa siku kumi na moja alinyamaza kweli. Siku ya kumi na mbili Hsiu-luan akaanza kujilaumu: kwamba ile poda ya vipele ndiyo iliyoziba ngozi ya mtoto. Alikuwa anasema kweli kutoka moyoni, huku akijipiga paja.

"Si poda," Chin-shui akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia avae. Alikuwa amelivua. Alisema kichwa kinamuuma. Nikamtajia Po-han."

Hsiu-luan alisimama, akaingia chumbani kwa binti yake, akafunga mlango taratibu. Chin-shui akabaki nje mpaka wahudumu walipokuja kukusanya sinia za chakula.

Wan-ju aliambiwa yote baadaye, na baba yake mwenyewe, alipokuwa ameshaweza kukaa dirishani. Jibu lake lilichukua muda kutoka.

"Ninge…weza… kudanganya," akasema. "Ku…piga picha… halafu… nivue."

"Kwa nini hukufanya hivyo?"

Akafikiri. "Si…jui, Baba. Si…kumbuki." Kisha akageukia dirisha.

Kazi ya Taichung wakapewa wengine. Mwaka uliofuata Wan-ju alihamia Chiayi kwa yule dada wa mama yake, akawa anapanga vitabu kwenye maktaba ya mtaa, anatembea kwa gongo la miguu minne. Hakuwahi kumlaumu baba yake mbele ya mtu. Hakuwahi pia kusema amemsamehe. Hsiu-luan anapika kama kawaida na anakula pamoja na mumewe, televisheni ikizungumza kwa niaba yao.

Kila Jumapili Wan-ju hupiga simu. Humaliza na mama yake kwanza, ndipo Chin-shui anapopewa simu. Husimama akisikiliza maneno yanavyokuja, moja, kisha jingine, na hata akijua mwisho wa sentensi ni upi, hammalizii.