Jina la Mabaka

Edah alikuwa na miaka kumi na mitatu alipokisoma kwa mara ya kwanza kitabu kiitwacho Nchi Iliyo Chini ya Mlima. Kufikia mwaka wa 1955, alipokuwa mwalimu wa shule moja karibu na Myanga, angekuambia kwamba amekisoma mara nne. Kilikuwa hadithi ya Kizungu iliyofasiriwa kwa Kiswahili, habari za Selia, binti wa mfalme, aliyefichwa ndani ya mlima ambako mito hupanda badala ya kushuka na mawe hujibu yakiulizwa. Jalada lilipong'oka, Edah alilishona kwa uzi wa gunia.

Kwa hiyo rafiki yake Agneta, aliyeuza vitambaa sokoni Kitale, alipomwandikia kwamba kitabu hicho kimetolewa picha ya sinema, na kwamba itaonyeshwa ukumbini Jumamosi mchana, Edah alipanda basi la asubuhi bila kufikiri mara mbili.

Madirisha ya ukumbi yalikuwa yamezibwa kwa blanketi. Viti viliisha, watu wakakaa sakafuni. Picha ilisema Kiingereza, na bwana mmoja aliyeshika kipaza sauti aliifasiri, akitia maneno yake mwenyewe kila alipoona watu wamenyamaza sana. Mito ilipanda kweli. Edah alimshika Agneta mkono kwa furaha.

Kisha akatokea Mabaka, mlinzi wa mlango wa mlima. Mwigizaji alikuwa amepakwa rangi nyeusi upande mmoja wa uso. Alitokwa na udenda, akajikwaa, akatafuna mshumaa akidhani ni chakula.

"Huyu mama alianza kuoga, maji ikaisha!" akasema mfasiri, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Edah, si huyu ni Jelimo!" Agneta akapaza sauti. "Jelimo kabisa, bana!"

Edah alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Safu mbili mbele yao mwanamke mmoja akainuka. Alipogeuka kutafuta njia katikati ya watu, mwanga wa picha ulimpiga usoni, na Edah akaliona baka alilozaliwa nalo, kutoka jicho la kushoto hadi kidevuni. Alikuwa Jelimo mwenyewe. Edah hakuwa amemwona tangu wote watatu walipokuwa bwenini katika shule ya misheni. Jelimo aliwatazama wote wawili, kisha akatoka nje.

"Ameenda choo tu," Agneta akanong'ona.

Edah hakumfuata. Alikaa pale mpaka picha ikaisha, lakini ukimwuliza ilivyoisha hangeweza kukuambia.

Ni Edah aliyekuwa amempa Jelimo jina la Mabaka. Jioni moja bwenini alikuwa akiwasomea wenzake kitabu, akafika mahali Mabaka anapotajwa, akanyamaza, akamtazama Jelimo, msichana mgeni kutoka Saboti. "Kumbe tuko naye humu," alisema. Ni hayo tu. Kesho yake shule nzima ilimwita Mabaka, hata mpishi. Mwaka uliofuata Jelimo aliondoka kabla ya mtihani.

Jumapili, baada ya kanisa, Edah alikichukua kitabu akakaa barazani. Alitaka kujitetea mbele ya nafsi yake. Alikumbuka kwamba Mabaka alikuwa msaliti, aliyemuuza Selia kwa maadui. Basi kumwita mtu jina la mhalifu kulikuwa ni utani wa kitoto, utani mbaya, lakini utani.

Alisoma mchana kutwa akitafuta usaliti huo. Hakuuona. Aliyemuuza Selia alikuwa mjomba wake. Mabaka wa kitabuni hakutokwa na udenda. Alikuwa mwanamke mkimya aliyeachwa mlangoni pale akiwa mtoto, na Selia alipovunjika mguu, yeye ndiye aliyembeba mgongoni siku tatu ndani ya mto wa barafu. Mwishoni mfalme akamwuliza anataka zawadi gani. Akajibu kwamba anataka aitwe kwa jina alilopewa na mama yake.

Kurasa hizo zilikuwa safi. Zile za Selia na nguo zake na mawe yanayosema zilikuwa zimekunjika na kuchafuka kwa vidole. Edah alielewa kwamba hakuwahi kukisoma kitabu chote hata mara moja. Kila alipofika kwa Mabaka, aliruka. Alihisi uso ukimwaka moto, ingawa barazani hapakuwa na mtu.

Jumamosi iliyofuata alifika Saboti. Alimkuta Jelimo akipukuchua mahindi uani pamoja na mama mkwe wake na wanawe wawili.

"Jelimo," Edah alianza, akiwa bado amesimama, "nimekuja kwa sababu ya lile jina la—"

"Mwalimu," Jelimo akamkatiza upesi, "njoo unisaidie na gunia."

Nyuma ya ghala Jelimo alimgeukia. "Watoto wangu hawalijui jina hilo. Mama mkwe halijui. Umetoka Myanga mpaka hapa uje uwafundishe?"

Edah aliona kosa lake. Hata katika kuomba msamaha alikuwa karibu kukosea tena.

"Nimekisoma tena," alisema. "Mabaka hakuwa mbaya. Mimi nilikuwa naruka."

"Najua. Nilikiiba chini ya mto wako wa kulalia usiku mmoja, nikasoma mpaka mwisho. Nilitaka kujua nimeitwa nani." Jelimo alifunga mdomo wa gunia. "Nikalia kwa sababu alikuwa mzuri. Nikangoja na wewe ufike huko mwisho. Nikangoja mwaka mzima."

"Nisamehe, dada."

"Hilo sijui bado. Lakini Agneta ananiita lile jina kila nikipita sokoni, mpaka leo, mbele ya watu. Nimeacha kuuza mboga Kitale kwa sababu yake. Mwambie aache. Si mimi, wewe."

Kisha akamkaribisha chai, kwa sababu mgeni ni mgeni, na mbele ya mama mkwe wakazungumza habari za mvua.

Jioni haijafika, Edah alikuwa mbele ya meza ya Agneta. Palikuwa na wanawake watatu wakichagua vitambaa. Alitamani waondoke kwanza, lakini akajua wakiondoka hatasema.

"Agneta, usimwite Jelimo lile jina tena."

Agneta akacheka. "Ati nini? Si ni wewe ulimpa!"

Wanawake wakainua macho.

"Ndiyo," Edah akasema. "Ni mimi. Nilimpa jina kutoka kitabu ambacho sikukisoma. Na juzi ulipomfananisha na yule wa kwenye picha nilicheka, yeye akisikia."

Agneta alikunja kitambaa polepole, akakikunjua, akakikunja tena. Hakumkaribisha nyumbani kulala, kama alivyozoea. Edah akaondoka kwenda kutafuta basi la mwisho la Bungoma, ili arudi Myanga. Huku nyuma alimsikia mmoja wa wale wanawake akiuliza, "Jelimo ni nani?" na Agneta akijibu, "Ni mtu tulisoma naye."