Pindo Lisilo na Uzito

Magauni ya ubatizo pale kanisani yalikuwa na mshonaji mmoja tu, naye alikuwa ameacha kuamini.

Wamormoni hubatiza kwa kumzamisha mtu mwili wote. Mashahidi wawili husimama kando ya kisima cha ubatizo, mmoja huku, mwingine kule, na kazi yao ni kutazama tu. Ikibaki juu ncha ya msuko, kidole cha mguu au hata pindo la nguo, ubatizo haujawa. Mtu anarudishwa chini. Sasa gauni jeupe likiguswa na maji hupenda kuvimba kama puto. Dawa yake fundi huyu aliivumbua zamani: ndani ya pindo alishonea vipete vya shaba ambavyo mumewe, fundi bomba, alivitoa kwenye koki mbovu za watu. Likizama, limezama. Akina dada wa kanisani walikuwa wakimtania, "Gauni lako wewe, hata shetani hana ubavu wa kulipandisha."

Safari hii gauni lilikuwa la bintiye mwenyewe, Kijino, aliyetimiza miaka minane, umri wa kubatizwa. Jina hilo alilipata tangu jino la mbele liote peke yake na kukaa peke yake muda mrefu kama mlinzi wa lango.

"Simama wima, we mtoto. Nitakuchoma."

"Nimesimama, Mama. Ni gauni linalotembea." Kijino alijizungusha mbele ya kioo cha kabati. "Mama, nikishabatizwa, nikiwa mtoto mzuri siku zote, ndiyo nitaishi na Mdogo milele, eh?"

Mama alikuwa na pini midomoni. Alishukuru kwa pini zile.

"Halafu wewe ndiye shahidi wangu. Nimeshamwambia askofu."

Pini zikatemwa kiganjani. "Umemwambia nani?"

"Askofu. Amesema jina lako bado lipo kwenye daftari la kanisa, na macho unayo."

Mdogo alikuwa kaka yake Kijino kwa cheo tu, maana alikuja baada yake na hakukaa. Alipofariki hata shingo yake ilikuwa bado haijakaza. Siku ya kumzika, majirani walimtazama mama yule wakashangaa: hana kilio, uso mkavu, anawapa watu viti. Si kwamba alikuwa na moyo wa jiwe. Alijua, kama unavyojua njia ya kwenda jikoni kwako gizani, kwamba yeye na mumewe walikuwa wameunganishwa hekaluni kwa milele, na kwamba siku ya ufufuo atakabidhiwa mwanawe vilevile alivyo, amlee mpaka awe mtu mzima. Mtu halii kwa mtoto aliyemwacha kwa bibi yake wikiendi moja.

Kisha imani ikamtoka. Hakugombana na mtu, hakuna aliyemkosea. Alianza na swali dogo juu ya kile Kitabu chao cha Mormoni, kimetoka wapi hasa, akauliza, akasoma, akafunga na kusali, na kila alipovuta uzi mmoja ulikuja na mwenzake, mpaka siku moja akajikuta ameshika uzi mtupu na nguo haipo. Ndipo msiba wa Mdogo ukaanza. Ulianza upya, miaka imepita, bila mtu wa kumpa pole, kwa sababu nani anapewa pole ya msiba uliopoa? Alilia juu ya cherehani, akawaambia wateja ni mafua.

Alipomwambia mumewe, yule bwana hakufoka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono yake mikubwa imelala magotini, akauliza neno moja tu.

"Na mtoto je?"

Mke akainuka, akarudi kwenye cherehani.

Jioni ya kuamkia siku ya ubatizo, mumewe alirudi kutoka kazini akiwa ameloa mpaka magotini, akamkuta na gauni mapajani.

"Mama Kijino, sikuombi uamini. Nakuomba uje."

"Nije nishuhudie kitu nisichokiona?"

"Utaona mwanao anaingia majini na anatoka. Hicho nacho hukioni?" Alitoa mfukoni vipete vya shaba, amevisugua vinang'aa, akaviweka juu ya meza. "Vya kwake hivi. Nimechagua vizuri."

Mume alipokwenda kuoga, mke alichukua kipete cha kwanza, akakiingiza kwenye pindo, akatunga sindano. Magauni yote yale ya watoto wa watu alikuwa ameyazamisha bila wasiwasi. Hili lilimshinda. Aliona kama anamfunga mwanawe jiwe, ampeleke chini kwenye ahadi iliyomwacha yeye mikono mitupu. Akakitoa kipete, akashona pindo tupu, akalipiga pasi.

Kesho yake walifungua milango ya chumba cha kisima pale kanisani. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Fundi bomba mwenyewe ndiye aliyeyashughulikia. Alisimama ndani kwa nguo nyeupe, maji kiunoni, maana kwao baba huruhusiwa kumbatiza mwanawe.

"Baba, usinisahau huko chini," Kijino akanong'ona, na watu wa viti vya mbele wakacheka.

Upande mmoja alisimama shahidi wa kwanza, babu yake Kijino, miwani imejaa mvuke. Upande wa pili, mama. Baba aliinua mkono, akasema maneno yale, akamlaza mtoto majini, akamwinua.

"Safi," babu akasema, akipangusa miwani.

Lakini mama alikuwa ameona. Wakati kichwa, miguu na mikono vimeshuka, pindo lilipanda juu upande wake, jeupe, limevimba, likakaa pale.

Watu walianza kutabasamu. Kijino alijifuta macho akamtazama mama yake, anangoja. Kunyamaza kulikuwa rahisi mno. Kwake yeye yale yalikuwa maji tu, na pindo lilikuwa pindo. Angenyamaza, na mtoto angetoka pale bila kufungwa na chochote, wala hakuna ambaye angejua. Isipokuwa kwamba mtoto yule hakumwomba aamini. Alimwomba atazame.

"Bado," akasema. "Pindo limeelea."

Mumewe aligeuka. Alilitazama gauni, akalipapasa pindo chini ya maji, hakukuta shaba. Akamtazama mkewe kwa muda, na macho yakamjaa machozi.

Mama akapiga magoti kwenye ngazi ya kisima, sketi yake ikaloa. Alitoa tepu ya kupimia, ambayo hutembea nayo mkobani kama wengine watembeavyo na leso, akalikusanya pindo kwenye miguu ya mwanawe, akalizungushia tepu, akafunga fundo kwa mkono wake mwenyewe.

"Sasa," akamwambia mumewe. "Mshushe."

Mara hii Kijino alizama mwili wote.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo walikuwa wawili tu. Mama alimkausha nywele, gauni likichuruzika kwenye beseni. Kijino alikuwa akitetemeka, meno yakigongana.

"Mama, Baba anasema huji nasi. Kule kwa Mdogo."

Taulo likasimama.

"Sijui, mwanangu. Sidhani kama kupo."

Kijino alifikiri. Alimshika mama yake sikio, kama alivyozoea kufanya alipokuwa mdogo na usingizi umemjia.

"Basi usijali. Nitambeba mimi Mdogo, mpaka uje."

Mama alimfunika taulo kichwani ili asimwone uso, akamvutia kifuani na maji yake yote.

"Umshike shingo," akasema. "Shingo yake bado laini."