Wembe wa Jumamosi

Anayesema jela ni chuo, na akalale kwanza kando ya ndoo ya haja, kisha aje atuambie amehitimu nini.

Kinyozi alikuwa amelala kando ya ndoo hiyo miaka miwili, na sasa zilibaki siku kumi na moja atoke. Mkewe alishamfulia shati la kuvaa siku hiyo. Ila kulikuwa na kitabu cha makosa: ukiandikwa humo kwa ugomvi, unaongezewa miezi sita, uwe umepiga au umepigwa.

Jumamosi ilikuwa siku ya kunyoa. Vichwa sitini, wembe mmoja, beseni moja la maji. Kufikia kichwa cha kumi maji yalikuwa mazito kama mchuzi uliolala, na juu yake vilielea nywele, magamba ya vidonda na chawa waliokuwa bado wanapiga mbizi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakuona kinachokula kichwani. Kinyozi alikuwa akichovya vidole humo.

Asubuhi ile nyapara alimfuata bombani. Nyapara ni mfungwa kama wengine, ila amepewa fimbo na askari awatawale wenzake. Huyu waliamriwa wamwite Mjomba, na hakuwa mjomba wa mtu. Alinuka jasho bichi na uji wa wagonjwa, ambao alikuwa akiwanyang'anya na kuunywa mwenyewe mpaka mfungwa mmoja, Fundi Viatu, alipomweleza daktari.

"Leo Fundi Viatu akikaa kwako, mkono uteleze," Mjomba alisema. "Sikio tu. Wembe huteleza, nani atakuandika?"

"Mjomba, mimi sijawahi kumkata mtu. Tangu naanza kazi."

"Basi vijana wangu watakuchokoza hapo uani, mwandikwe wote. Shati la mama watoto litasubiri."

Ndivyo uozo wa mahali pale ulivyo. Hakulazimishwa kwa kisu. Aliombwa akosee kazi yake, basi.

Fundi Viatu alikuja akiwa wa ishirini na tatu. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye kikohozi. Alikaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee," Kinyozi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Siku ngapi sasa?"

"Kumi na moja."

"Mungu akufikishe. Nyoa taratibu, huko nyuma kuna jipu."

Kinyozi alinyoa taratibu. Alilizunguka lile jipu kwa ustadi ambao hata mteja wa kulipa huko nje hakuwahi kuuona, akapangusa usaha kwa kitambaa, akafika sikioni. Ng'ambo ya ua Mjomba alikuwa akichokonoa meno, anatazama. Kinyozi akabana ngozi kwa vidole viwili, kama alivyofundishwa ili asikate, na akakata.

Kipande cha sikio kilidondokea kwenye beseni. Mzee alitoa sauti ndogo, akashika sikio, damu ikapita katikati ya vidole. Kwenye foleni mtu mmoja alicheka.

Askari alikuja na kitabu chake. "Nini hapa?"

Kinyozi aliinama, akasuuza wembe kwenye beseni.

"Nilikohoa, bwana," Fundi Viatu alisema. "Nikatikisa kichwa. Huyu kijana hana kosa, usimwandike." Kisha akamtazama Kinyozi, na katika macho yale hapakuwa na hasira wala swali. Alikuwa anajua. Kinyozi aliona afadhali angetemewa mate.

Mzee alipopelekwa kwa daktari, Mjomba alikuja kukaa. Yeye hakupanga foleni. Alikaa alipopenda, na maji yakabadilishwa. Akarudisha kichwa nyuma, kidevu juu, koo lote wazi chini ya wembe uleule, akafumba macho. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Kabla ndevu hazijanyolewa nusu alikuwa anakoroma, na mate yanamchuruzika pembeni mwa mdomo.

Kinyozi alimnyoa safi, bila mchubuko. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akachukua kitambaa akampangusa yale mate, polepole, asije akamwamsha.